Kudhibiti Joto Unapochaji Kifaa Kilichopandikizwa Mwilini

Baadhi ya vifaa vinavyopandikizwa chini ya ngozi, hasa vile vya kusisimua neva za uti wa mgongo ili kupunguza maumivu sugu na vile vinavyopeleka umeme kwenye ubongo wa mgonjwa wa Parkinson (maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemeko), hutumia betri inayochajiwa kwa koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, iliyowekwa juu ya ngozi. (Vifaa vya kuratibu mapigo ya moyo kwa kawaida havimo katika kundi hili, betri ikikaribia kuisha, kifaa hubadilishwa kwa upasuaji.) Uvuguvugu kidogo wakati wa kuchaji ni wa kawaida. Ngozi ikianza kuchoma, jambo la kwanza la kushuku ni koili iliyokaa pembeni.

Koili ya nje hutoa uga wa sumaku unaopita kwenye ngozi na kuzalisha umeme katika koili ya ndani. Uga huohuo huzalisha pia mikondo midogo ndani ya kasha la titani la kifaa, na mikondo hiyo haichaji chochote bali hulipasha kasha moto. Koili mbili zisipolingana katikati, chaja nyingi huongeza nguvu ili kufidia upungufu, kwa hiyo mgonjwa hupata joto zaidi na chaji kidogo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14708-1 kinaweka kikomo cha msingi kwamba uso wa kifaa usizidi kwa zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi joto la kawaida la mwili, yaani nyuzi 37, na mtengenezaji anayetaka kuvuka hapo hana budi kuthibitisha kwamba tishu hazitadhurika.

Kabla ya kuwasha chaja, papasa ngozi kwa ncha za vidole hadi uzipate kingo za kifaa, kisha weka katikati ya koili juu ya katikati ya kifaa. Isogeze kwa upana wa nusu kidole tu kila mara, na usubiri kipimo cha mawimbi cha chaja, kinachoonyesha jinsi koili mbili zinavyolingana, kitulie kabla ya kuisogeza tena. Wengi hukosea kwa kuizungusha haraka, hata wakaipita sehemu iliyo bora bila kuitambua. Ukishaipata, funga mshipi unaoishikilia koili ukiwa katika mkao utakaodumu nao, kwa sababu koili iliyopangwa ukiwa umesimama huhama unapoketi.

Kama maelekezo ya kifaa chako yanataka kitambaa kati ya koili na ngozi, kiwe chembamba na kikavu. Nguo nzito huonekana kama kinga, lakini huzitenga koili na kurefusha muda wa kuchaji. Ondoa sarafu, funguo na kifungo cha mkanda karibu na koili, kwani metali hizo nazo hupata moto. Usijifunike blanketi juu ya chaja wala kuilalia, maana joto lake linahitaji hewa ya kutokea.

Muda una uzito uleule wa joto. Watafiti Moritz na Henriques walionyesha mwaka 1947 kwamba ngozi inayokaa kwenye nyuzi 44 huungua baada ya takriban saa 6, na kwamba kila nyuzi inayoongezeka juu ya hapo hupunguza muda huo karibu kwa nusu. Ndiyo maana kulala usingizi huku chaja ikiendelea ni kosa ambalo mimi binafsi nisingelivumilia hata kwa usiku mmoja. Ni afadhali kuchaji mara nyingi kwa vipindi vifupi kuliko kungoja betri iishe, mradi maelekezo ya kifaa yanaruhusu. Mwenye ganzi, kwa mfano kutokana na kisukari au jeraha la uti wa mgongo, asitegemee hisia zake. Amwombe mtu mwingine aifunue koili na kuitazama ngozi kila baada ya dakika chache.

Ngozi ikiuma, zima chaja na uiondoe, kisha acha eneo lipoe lenyewe bila kuweka barafu. Usichaji juu ya kidonda au mshono ambao haujapona bila idhini ya daktari. Wekundu usiofifia, uvimbe au malengelenge yanahitaji kuonwa na kliniki siku hiyohiyo. Ikiwa kuchaji kulikokuwa kwepesi kumekuwa kwa shida na kwa joto, ingawa koili imewekwa palepale, mweleze daktari kama umeongezeka uzito au kama kingo za kifaa hazipapasiki kama zamani, kwa maana huenda kifaa kimezama, kimeinama au kimegeuka ndani ya mwili, na hilo hugunduliwa kwa eksirei.