Jinsi ya kushika saa kwenye intavyuu ya shule bila kumwonea mtoto yeyote

Shule nyingi za private hapa Nairobi huita watoto Jumamosi waje wafanye karatasi za kuingia Gredi 4 ama Gredi 7. Maswali yanapangwa vizuri, kusahihisha kunapangwa, lakini saa inaachiwa mwalimu yeyote atakayejikuta darasani. Juzi nilikuwa nasaidia shule moja huku Eastlands kujipanga nikaona heri niandike yote mahali pamoja. Msimamo wangu ni huu: dakika ni za mtoto, na zile zinazoliwa na watu wazima lazima arudishiwe.

Hatua ya 1: Saa yenyewe
Saa kubwa ya ukutani kila darasa, betri mpya, na zote ziwekwe sawa asubuhi hiyo hiyo mkitumia simu ya mtu mmoja. Baada ya hapo simu zirudi mfukoni. Simu ya kushikia saa siipendi kabisa, mzazi aliye geti akipiga, skrini inabadilika na macho ya mwalimu yanatoka kwa watoto. Na ile ya kuhesabu sekunde kurudi nyuma kwenye projekta pia muitoe, mtoto wa miaka tisa ataitazama hiyo badala ya kusoma swali.

Hatua ya 2: Choo, penseli, kukaa
Haya mnayajua. Choo kabla ya kuingia, penseli za ziada mezani kwako.

Hatua ya 3: Kuanza, na kila kitu kinachokatiza
Hapa ndipo watoto wengi huibiwa muda na hakuna anayeona. Ratiba inasema saa tatu kamili, mwalimu anaanza kugawa karatasi saa tatu kamili, mtoto wa mbele anapata yake mara moja, yule wa nyuma anaipata dakika nne baadaye na bado hajaandika jina, kisha wote wanaambiwa waache kwa pamoja. Kwa karatasi ya dakika 45 hizo nne si kidogo, ni swali zima la hesabu.

Kwa hivyo gawa karatasi zikiwa zimefunikwa. Wote waandike majina pamoja, wewe ukipita kila dawati, maana kuna wale wametoka shule nyingine na hawajui pa kuandika. Soma maagizo kwa sauti, kwa Kiingereza na Kiswahili. Uliza kama kuna mtu hana karatasi, subiri, angalia mikono. Ndipo useme anzeni, na hapo hapo uandike kwenye ubao saa halisi ya kuanza na ya kumaliza. Kama ni 9:07, unaandika 9:07 na 9:52. Usiandike 9:00 ati kwa sababu ratiba ndivyo inasema.

Sasa kukatizwa. Stima ikipotea na darasa lina mwanga wa dirisha, endeleeni tu, usiseme kitu. Lakini giza likiingia, ama mvua ipige mabati mpaka mwalimu hasikiki, ama kuwe na kelele ya jenereta ikiwashwa, simamisha: penseli chini, karatasi zifunikwe. Kufunika ni lazima, la sivyo mwerevu mmoja ataendelea kusoma maswali wakati wenzake wamenyamaza. Andika umesimamisha saa ngapi na mmerudi saa ngapi, halafu badilisha ile ya kumaliza wakiona. 9:30 mpaka 9:34 ni dakika nne, kwa hivyo 9:52 inakuwa 9:56. Mkiwa na madarasa matatu na kelele imesumbua moja pekee, hilo moja ndilo linaongezewa, na mengine yasitoke kwa kishindo huko nje kabla hilo halijamaliza.

Kitu kingine ni ukurasa uliochapwa vibaya. Mtoto akiinua mkono kwamba ukurasa wa tatu hauonekani, dakika za kutafuta karatasi nyingine ni zake. Andika jina lake na muda, arudishiwe yeye peke yake. Lakini mtoto akienda choo katikati ya mtihani mimi siongezi, ila anayeonekana mgonjwa, huyo mzazi aitwe na apangiwe siku nyingine.

Hatua ya 4: Waliochelewa
Jamu ya Jogoo Road haijatengenezwa na mtoto wa miaka kumi. Msimwingize darasani katikati apewe dakika zilizobaki. Weka chumba cha pili na msimamizi wake, waliochelewa waanze pamoja na wapate 45 zao zote. Chumba hicho kiwe tayari hata kama asubuhi hakuna dalili ya mvua.

Hatua ya 5: Wanaohitaji muda zaidi
Mtoto mwenye shida ya kuona, ya kuandika, ama ya kusoma herufi. Fomu ya maombi iulize mapema, si asubuhi ya mtihani. KNEC, baraza la mitihani la taifa, huongezea watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 30 kwa karatasi, lakini karatasi hizo ni ndefu. Kwa zetu fupi napendelea robo, ambayo Uingereza pia hutumika sana: 45 inakuwa 56 na kidogo, fanya 57, daima panda juu. Wakae chumba tofauti, kwa sababu mtoto akiona wenzake wanatoka ataacha kuandika hata kama muda anao.

Hatua ya 6: Kumaliza
Tangazo moja tu, dakika tano kabla, kwa sauti ya kawaida. Muda ukiisha, penseli chini wote, kisha kusanya.

Hatua ya 7: Karatasi ya saa
Kila darasa: kuanza, kusimama, kurudi, kumaliza, majina ya waliorudishiwa dakika, sahihi ya msimamizi. Ifungwe pamoja na karatasi za majibu kabla hazijaenda kusahihishwa, na mzazi akija Jumatatu kuuliza, afunguliwe aione.