Drive, OneDrive na Dropbox kwa komandi moja: namna ya kutumia rclone bila kuunguza bando

Kama una Google Drive ya GB 15 imejaa, OneDrive ya GB 5 uliyoipata ulipofungua akaunti ya Microsoft ukaisahau, na Dropbox ya GB 2 ya tangu enzi hizo, basi una GB 22 za bure mkononi ila zimetawanyika, kila moja na app yake na paswedi yake, na kama we ni mtu wa kuandika programu ndo balaa zaidi maana kila kampuni ina API yake (mlango ambao programu nyingine inaongea nayo), namna yake ya kulogini na namna yake ya kukukatalia.

Dawa yake inaitwa rclone. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, aliianzisha Nick Craig-Wood, imeandikwa kwa Go na inaongea na huduma zaidi ya 70, kuanzia hizo tatu mpaka MEGA, Backblaze B2, S3 ya Amazon (stoo nyingine za mtandaoni) na hata seva yako mwenyewe ya SFTP (njia ya kuhamisha mafaili kwa usalama). We unajifunza komandi chache tu, yenyewe ndo inajua kila huduma inaongeleshwaje.

Windows unafungua dirisha la komandi unaandika `winget install Rclone.Rclone`, kwenye simu ya Android fungua Termux (app ya kuandikia komandi) uandike `pkg install rclone`. Linux ipo kwenye apt (kisakinishi cha programu) lakini ya huko mara nyingi imezeeka, bora uchukue kwenye tovuti yao rclone.org.

Alafu andika `rclone config`, bonyeza n, ipe jina (mimi nitatumia gdrive), chagua huduma, kivinjari kitafunguka, logini ukubali, imeisha. Rudia kwa kila akaunti (nyingine nitaziita onedrive na dropbox). Ila kwa Google Drive ukifika sehemu ya client_id usipige enter haraka haraka, ukiacha wazi unatumia kitambulisho cha rclone chenyewe ambacho watu wa dunia nzima wamekining'inia kwaiyo spidi inabanwa, nenda Google Cloud Console utengeneze cha kwako, hailipiwi. Na kama unaseti kwenye seva isiyo na kivinjari, kwenye laptop yako yenye rclone andika ile komandi ya `rclone authorize "drive"` kama seva itakavyokuonyesha, tokeni itakayotoka (maandishi yanayofanya kazi kama ufunguo wa akaunti) unaibandika kule kwenye seva.

Sasa jaribu hizi:

```
rclone lsd gdrive:
rclone about onedrive:
rclone copy gdrive:Picha onedrive:Picha -P
```

Ya kwanza inaonyesha folda, ya pili inakwambia nafasi iliyobaki, ya tatu inakopi folda ya Picha toka Drive kwenda OneDrive na -P inakuonyesha maendeleo. Hiyo nukta mbili baada ya jina usiisahau, bila hiyo rclone inadhani unasema folda ya kwenye kompyuta yako.

Hapa kwenye kukopi ndo panataka akili, hasa kama intaneti yako ni ya kununua bando. Wengi wanadhani faili linaruka lenyewe toka Google kwenda Microsoft, hapana, linapita kwako: linashuka kwenye mashine yako alafu linapanda tena. Kwaiyo folda ya GB 10 inakula kama GB 20 za bando. Ukiweza kukodi seva ndogo ya mtandaoni kwa muda, kazi nzito za hivo zifanyie huko. Ukishindwa, jibane:

```
rclone copy gdrive:Picha onedrive:Picha -P --max-transfer 2G --bwlimit "08:00,512k 23:00,off"
```

Yaani ikishahamisha GB 2 inasimama (hesabu kama GB 4 za bando, maana yenyewe inahesabu mara moja), mchana inatembea KB 512 kwa sekunde na saa tano usiku inaachiwa. Hizo ni baiti sio biti, watu wanachanganya hapo wanashangaa mbona nyumba nzima haipati YouTube. Kesho ukirudia komandi ileile inaruka yaliyokwisha fika, ila faili lililokatika katikati linaanza upya.

Kuna copy na kuna sync. Copy inaongeza tu. Sync inafanya kule unakopeleka kufanane kabisa na ulikotoa, maana yake ambacho hakipo ulikotoa KITAFUTWA kule. Ukigeuza mpangilio kwa bahati mbaya, folda tupu inaweza kufuta iliyojaa. Kwaiyo sync yoyote ianze na `--dry-run`, soma inachotaka kufanya, ndo uiondoe.

Kama unataka zote zionekane kama stoo moja, angalia faili la seti liko wapi kwa `rclone config file`, ongeza:

```
[vyote]
type = union
upstreams = gdrive: onedrive: dropbox:
create_policy = mfs
```

Hiyo mfs inapeleka faili jipya penye nafasi kubwa zaidi. Lakini haikati faili vipande, video ya GB 6 haiingii kama hakuna akaunti moja yenye GB 6 wazi. Na hilo faili la seti lina tokeni zako zote, liwekee paswedi kupitia s ndani ya `rclone config`, wala usilitume kwa mtu WhatsApp.

Kwa waandika programu, utamu uko huku, komandi ya kwanza inaiwasha rclone kama seva ndogo, ya pili inaitumia ombi la kukopi:

```
rclone rcd --rc-user asha --rc-pass SIRI
curl -u asha:SIRI -H "Content-Type: application/json" \
 -d '{"srcFs":"gdrive:Picha","dstFs":"dropbox:Picha","_async":true}' \
 http://localhost:5572/sync/copy
```

Unapata jobid (namba ya kazi), unaulizia job/status ukiipa hiyo namba. Kuorodhesha ni operations/list, nafasi ni operations/about, zote ni POST na JSON, ziwe za Google au za nani. Iache kwenye localhost (yaani ndani ya mashine yako tu), usiifungulie dunia.

Ila API moja haifanyi hizi huduma ziwe na tabia moja. Drive inaruhusu mafaili mawili yenye jina lilelile folda moja, wengine hawaruhusu, safisha kwanza kwa `rclone dedupe gdrive:Picha`. Google Docs sio faili la kawaida, zikitoka zinageuzwa docx. B2 haijibu about, kwaiyo usiitie kwenye ule mpango wa mfs. Alafu kila mmoja ana hashi yake (alama inayohesabiwa toka ndani ya faili ili kujua kama limebadilika), OneDrive na Dropbox hazifanani, kwaiyo `rclone check` kati yao inalinganisha ukubwa tu. Ukitaka uhakika wa ndani ongeza `--download`, inashusha pande zote mbili na kulinganisha, hiyo ifanye kwenye ile seva ya kukodi au WiFi ya ofisini, na uifanye kabla hujafuta chochote ulikotoa.