Kabla Hujamkaribisha Mwanamuziki Studio

Redio ya jamii ikikupa saa moja kwa wiki upige muziki wa wasanii wa kwenu, umepewa amana. Mpiga sanduku (besi ya uzi) wa kidumbak, muziki wa ngoma wa Zanzibar, kutoka Makunduchi, au kijana wa singeli anayerekodi chumbani kwake Pangani, huenda hajawahi kuulizwa na mtu mwenye maiki kazi yake ilianza vipi. Ukimwita kwa jina lisilo lake, au wimbo wake ukampa mtu mwingine, kosa hilo linakwenda hewani na majirani zake wote wanalisikia. Ndiyo maana kipindi kizuri huanza kutengenezwa siku kadhaa kabla, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe haihitaji hela.

Anza na majina, tena uyaandike. Muulize mgeni anataka aitwe nani hewani: jina la jukwaani, jina la nyumbani, au yote mawili. Muulize pia kama anatangulizwa kwa Bi, Mzee, Ustadhi au Maalim. Kwa mtu mzima hilo ni jambo kubwa. Halafu ingia kwenye nyimbo zenyewe. Wimbo mmoja wa taarab unaweza kuwa na watu watatu nyuma yake: aliyetunga mashairi, aliyetia muziki na aliyeimba. Redio zetu zimezoea kumtaja mwimbaji peke yake, na mtunzi anasikiliza kazi yake ikipigwa miaka nenda miaka rudi bila kutajwa. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, hakwenda peke yake. Jina lake linajulikana Afrika Mashariki nzima, lakini ni wangapi wanaoweza kuwataja wenzake, kina Maalim Shaaban, Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruku? Kila kipindi chako kinaweza kupunguza usahaulifu wa aina hiyo. Kwa hiyo kila wimbo utakaoupiga uwe na mstari wake daftarini: jina la wimbo, mtunzi, mtia muziki, mwimbaji, kikundi, na mwaka uliorekodiwa kama unajulikana. Ukikwama, nenda kwa wazee wa vikundi. Ikhwani Safaa ipo Unguja tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, na ndani ya vikundi kama hivyo hukosi mtu anayekumbuka shairi fulani lilitoka mkononi mwa nani.

Baada ya majina, sikiliza. Sikiliza kazi za mgeni wako zote unazoweza kuzipata, zile za zamani na zile ambazo yeye mwenyewe hazitaji sana. Mtangazaji ambaye hakusikiliza hujulikana mara moja, kwa sababu swali lake la kwanza huwa ni lile la "tueleze historia yako kwa ufupi". Mgeni naye hujibu alivyowajibu wengine: nilizaliwa mahali fulani, nikapenda muziki tangu utotoni, namshukuru Mungu. Dakika nane zimekwisha na hakuna kilichosemwa. Swali linalozaa ni lile lililoshika kitu. Fidla hii umeipata wapi, na nyuzi zikikatika unanunua kwa nani? Ubeti wa tatu wa wimbo huu mbona unaupiga taratibu kuliko ule wa pili? Nani alikufundisha kupiga dumbaki, na alikuwa akikukemea kwa lipi? Mtu akiulizwa hivyo huacha kujitangaza akaanza kusimulia. Andika maswali sita au saba ya namna hii, uyapange, kisha uwe tayari kuyaacha yote iwapo jibu la kwanza limefungua mlango usioutarajia.

Lipo eneo linalohitaji busara zaidi. Nyimbo zetu hujaa mafumbo, na mtunzi huficha jambo kwa sababu zake. Ukimuuliza hewani, moja kwa moja, "hapa ulimlenga nani?", unaweza kuamsha ugomvi uliokwisha lala mtaani, au kumwingiza mgeni wako matatani. Ulizia mbinu ya fumbo: limejengwaje, kwa nini achague pweza na asichague papa. Nani alikusudiwa, liache kwa mwenyewe. Unyago nao una mipaka yake. Marehemu Bi Kidude alizipeleka ngoma za unyago kwenye majukwaa ya dunia, lakini kila somo, yaani mwalimu wa unyago, ana mambo anayoyatoa na anayoyazuia. Kabla ya siku ya kipindi, kaa na somo uliyemwalika, mpigie nyimbo unazokusudia kuzitumia, na akikwambia hii hapana, iondoe bila kubishana.

Siku mbili tatu kabla, mpigie simu au mfuate nyumbani. Mweleze kipindi ni cha muda gani, ni cha moja kwa moja au kinarekodiwa, kinasikika hadi wapi, na kama kitawekwa mtandaoni baadaye. Hilo la mtandaoni liombee ruhusa kabisa, maana kusikika Pangani kwa saa moja na kubaki kwenye intaneti miaka yote ni vitu viwili tofauti. Mwambie mapema pia kuhusu pesa. Redio za kujitolea mara nyingi hazina cha kulipa. Sema hivyo wazi, kisha hangaikia walau nauli, maji na chai. Na usipokee chochote kutoka kwa msanii ili umpigie wimbo wake. Ukipokea mara moja, kipindi kinakuwa cha wenye nacho, na yule mpiga sanduku hatakiona tena. Mkiwa kwenye simu, jizuie kumchimba sana. Kisa kikubwa akishakusimulia chote leo, studio atakirudia kwa baridi.

Kama atapiga studio, ulizia ala zote zinazokuja. Kanuni, ile ala ya taarab, ina nyuzi zaidi ya 70, na kuitia sauti kunachukua muda. Ikitoka kwenye joto la nje ikaingia chumba chenye kiyoyozi, nyuzi huhama na kazi inaanza upya. Mpe mpigaji saa nzima kabla ya kwenda hewani, ndani ya chumba hichohicho atakachopigia. Studio zetu nyingi zina maiki mbili au tatu tu, basi panga watu badala ya kulilia vifaa: ngoma ziwe nyuma kabisa, nai (filimbi) na fidla katikati, mwimbaji awe karibu na maiki yake kiasi cha shubiri moja, mdomo ukiwa pembeni kidogo ili herufi kama "p" na "b" zisipasue sauti. Zimeni feni wakati wa kurekodi, zimeni simu kabisa, na spika ya ndani inyamazishwe kila maiki inapofunguliwa, la sivyo itapiga mluzi. Jaribuni na sehemu ya wimbo yenye kelele kuliko zote, kwa sababu msanii akishachangamka hupandisha sauti, na kipimo cha sauti kikigusa nyekundu wakati wa kurekodi, ule mkwaruzo hauondoki tena. Haya yote mwambie fundi mitambo siku moja kabla, kwa adabu. Yeye ndiye kipindi chako.

Nyimbo zilizorekodiwa ziombe kama faili halisi. Wimbo uliorekodiwa kwa simu kutoka kwenye spika, kisha ukatumwa kama sauti ya WhatsApp, umekwisha nyongwa. Sikiliza kila wimbo mwanzo hadi mwisho kabla, maana nyingine hukatika katikati na nyingine zina maneno yasiyofaa kwa saa ambayo watoto hawajalala. Weka nakala kwenye flashi, na nyingine kwenye simu yako. Umeme ukikatika na jenereta ikawahi kuwaka, utashukuru.

Saa ya redio haina dakika 60. Toa adhana, matangazo ya vifo, salamu na habari fupi, utabaki na 45 hivi. Hizo zinatosha nyimbo nne na mazungumzo ya vipande vitatu, basi. Angalia na kalenda. Ramadhani taarab hunyamaza Unguja na Pemba, kwa hiyo vipindi vya Idi vipangwe mwezi wa Shaaban, wakati vikundi bado vinafanya mazoezi na wanamuziki wanapatikana kwa urahisi. Mgeni wa kike usimpangie saa tatu za usiku bila kujua atarudije nyumbani na nani.

Upande wa sheria, msimamizi wa kituo ndiye mwenye leseni, lakini usijifanye hayakuhusu. Tanzania Bara msimamizi wa mawasiliano ni TCRA, Zanzibar ipo Tume ya Utangazaji, na Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Ukitaka kuanzisha redio yako ya mtandaoni, wafuate kwanza wao. Haki za watunzi zinasimamiwa na COSOTA Bara na COSOZA Visiwani. Muulize mgeni kama kazi zake zimesajiliwa. Wengi watakwambia hapana, na dakika tano za kumwelekeza ofisini zitamfaa kuliko sifa zote utakazommwagia hewani. Lile daftari lako la nyimbo, lenye mtunzi na muda wa kila wimbo, mpe msimamizi kila wiki. Bila orodha ya kweli, mirabaha hata ikilipwa haina njia ya kumfikia mwenyewe.

Mwisho, panga mapema rekodi itakwenda wapi. Saa moja ya sauti ya WAV, ya stirio, hula takriban megabaiti 600. Hakikisha nafasi ipo kabla ya kubonyeza kitufe, na nakala zihifadhiwe sehemu mbili tofauti. Faili ipewe jina linaloeleweka: tarehe, jina la mgeni, kikundi. Usiiache ikaitwa "rekodi mpya 7". Nakala moja mpelekee mgeni ndani ya wiki hiyohiyo, kwa flashi kama hana bando, pamoja na majina ya wote waliopiga siku ile, ili ayakague na kusahihisha kabla ya kipindi kurudiwa.