Mkutano wa kwanza wa AA: jinsi ya kuupata na kuingia bila kugeukia getini

Wengi wanaotaka kuacha pombe wanajua kuna AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe) lakini hawajui pale ndani kunafanyika nini, kwa hivyo wanaahirisha wiki hadi wiki. Basi wacha nikuelezee ilivyo hapa Kenya, kwingine mambo hayatofautiani sana.

Kabla ya yote lakini, kama we ni mtu wa kutoa lock kila asubuhi, yaani mikono inatetemeka mpaka uonje kitu, usikate ghafla peke yako nyumbani ati umejiapia. Pombe ikitoka ghafla kwa mwili ulioizoea inaweza kuleta kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, halafu kuchanganyikiwa na kuona vitu havipo, na watu hufa hivyo. Nenda hospitali kwanza uwaambie ukweli wa kiasi unachokunywa, bila kupunguza. Kwa Nairobi kuna Mathari, kwingine anzia hospitali ya kaunti. Dawa za siku chache zinakuvusha, mkutano haufanyi kazi hiyo.

Kuupata mkutano sasa. Piga 1192, ni laini ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bure, uliza tu vikundi vilivyo karibu nawe. Ukikosa huko, ingia intaneti uandike AA na jina la mji wako, halafu upige simu kuthibitisha manake ratiba za mtandaoni saa ingine ni za zamani, unafika unakuta kwaya inafanya mazoezi. Rihabu, yaani vituo vya kutibu uraibu, pia huwa wanajua mikutano yote ya mtaa hata kama hujalazwa kwao. Na kama uko mbali na mji ama unaogopa kuonekana, kuna mikutano ya Zoom usiku na mchana, unazima kamera unasikiza. Ni pa kuanzia pazuri, ila mimi naona usibaki huko milele, kuna kitu unapata kwa kukaa na watu uso kwa uso.

Uliza pia kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi yeyote anaingia, hata dadako akusindikize, wa ndani ni wa wale wenye shida ya pombe pekee.

Mingi hufanyika kwa kumbi za kanisa, na hapa ndo wengine hukwama, hasa ndugu zetu Waislamu. Ni ukumbi tu wamepewa au wamekodi. AA si ya dhehebu lolote, ilianza Marekani mwaka 1935 na walevi wawili, mmoja mfanyabiashara wa hisa na mwingine daktari, wakagundua wakiongea wao kwa wao kiu inapungua. Utasikia Mungu akitajwa, wanasema Mungu kwa vile kila mtu anavyomfahamu, kwa hivyo hakuna mtu atakuambia uokoke. Akikuambia, huyo ni yeye, si AA.

Fika dakika kumi kabla. Ukichelewa utaingia vichwa vyote vigeuke na ndo utarudi kwa mlango. Utapata viti vya plastiki, chupa ya chai, mtu anapanga vitabu mezani, mwambie huyo kwamba ni mara yako ya kwanza. Mkutano ni kama saa moja. Inasomwa utangulizi na zile hatua 12 za AA ambazo mtu huzifuata ili aache pombe, halafu mmoja mmoja anasema jina lake la kwanza, anasema yeye ni mlevi, wote wanamkaribisha, anaongea yake. Hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri, na hiyo itakushangaza kama umetoka kwa familia ambapo kila shangazi ana maoni juu ya ini lako. Zamu yako ikifika sema jina tu na kwamba leo unasikiza, inatosha. Kiswahili, Kiingereza, changanya unavyotaka. Kikapu kikipita si lazima utoe, hakuna ada wala kujisajili, sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Na ya watu yanabaki pale, ukimkuta jirani yako ndani, naye pia amekukuta.

Ukiisha usikimbie. Kaa na ile chai, omba namba mbili tatu za simu, ndo faida kubwa ya siku hiyo kwa maoni yangu. Wanaume wachukue za wanaume na akina dada za akina dada, na dada ukiona kaka anakuganda wiki ya kwanza ati atakuwa sponsa wako na lifti juu, kataa. Sponsa ni mtu aliyekutangulia anayekutembeza kwa hizo hatua, mchague polepole. Namba hizo unapiga KABLA ya kunywa, mfano Ijumaa ya mwisho wa mwezi mshahara umeingia na matatu inakushusha mbele ya duka la wines.

Mkutano wa kwanza usipokupendeza jaribu mwingine, vikundi vina tabia tofauti, kingine kimejaa mabosi wa suti kingine vijana. Ukianguka ukanywa rudi tu, utaanza kuhesabu siku upya na hakuna atakayekufukuza.

Kama anayekunywa ni mumeo au mwanao na hataki kusikia, kuna Al-Anon, ya familia, unaenda wewe, humngoji yeye.

Na mji wenu usipokuwa na kikundi kabisa, watu wawili wenye nia hiyo wanatosha kuanzisha. Mnahitaji chumba cha kuazima, siku na saa isiyobadilika, na mmoja wenu awe pale kila wiki hata kama mwenzake hajatokea.