Kijidaftari mchana, daftari usiku

Anayetafiti kwa kushiriki na kutazama, awe kijijini Matondoni kwa mafundi wa majahazi au barazani Lamu mjini, hupoteza mengi usiku kuliko mchana. Mchana andika vidokezo tu, maneno matatu manne. Ukishika kalamu muda wote, fundi ataacha kuzungumza na mwenzake aanze kukuhutubia wewe. Jioni hiyo hiyo, kabla hujamsimulia mtu, yaandike kwa ukamilifu. Saa moja ya kutazama hula saa moja au zaidi ya kuandika, kwa hiyo usikae saa sita ukidhani utakumbuka.

Gawa ukurasa mara mbili. Kushoto weka kilichoonekana na kusikika: “Alipiga kalafati (kuziba nafasi kati ya mbao), akasita, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akamwita kijana asikilize.” Kulia weka tafsiri yako. “Fundi ni mkali” ni hukumu, haina nafasi kushoto. Na Kiamu, lahaja ya Lamu, kiache kilivyo: aliyesema “ndia” usimwandikie “njia”, maana mtu hubadili lahaja kulingana na anayezungumza naye, na hilo ni data.

Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya, ni lazima, ila haichukui nafasi ya ridhaa ya waliopo. Ieleze kazi yako upya kila anapoingia mgeni. Majina yabadili tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, kijijini “fundi mzee mwenye wanafunzi wawili” anajulikana bila jina, kwa hiyo badili pia vitambulisho vidogo kama hivyo.