Saa za Kithai kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili

Vitabu vingi vya kujifunzia Kithai vimeandikiwa mtu ambaye saa moja kwake ni usiku wa manane au mchana baada ya adhuhuri. Mswahili akivifuata anazunguka bure. Katika mazungumzo ya kila siku Wathai huigawa siku vipande vinne vya saa sita sita, na kimoja kati ya hivyo kinalingana na hesabu yetu namba kwa namba. Ninawafundisha wafanyabiashara wa vito wanaokwenda Bangkok na Chanthaburi, na darasani kwangu sharti la kwanza ni kwamba simu inakaa mfukoni. Unaanza na saa kama unavyoitaja nyumbani, kisha unaipeleka Kithai moja kwa moja.

Hatua ya 1: Namba

Unahitaji kumi na moja tu kwa kuanzia: nueng, song, sam, si, ha, hok, jet, paet, kao, sip, sip-et. Kithai ni lugha ya toni, kwa hiyo zikariri pamoja na sauti zake. Song na sam hupanda, kama mtu anayeuliza kwa mshangao. Ha na kao huanzia juu zikashuka. Zilizobaki zote hutamkwa chini, bila kupanda wala kushuka sana.

Hizi herufi za Kirumi zinadanganya kidogo. Th ya Kithai si ile ya "thelathini", wala kh si ile ya "kheri". Ni t na k zinazotoka na pumzi. Mtu wa Mombasa anayetofautisha kwa ulimi paa wa porini na paa la nyumba hapa hana kazi, pumzi yenyewe ni ileile. Wengine wekeni kiganja mbele ya mdomo: kwenye th kiganja kisikie upepo. Ue nayo ni u inayotamkwa huku midomo imetandazwa.

Hatua ya 2: Usiku, yaani thum

Anzia hapa, maana hapa huna cha kujifunza zaidi ya neno moja. Saa moja usiku ni nueng thum (utasikia pia thum nueng), saa mbili ni song thum, saa tatu sam thum, saa nne si thum, saa tano ha thum. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Saa sita usiku ina jina lake, thiang khuen.

Kaa kwenye kipande hiki mpaka mtu akikwambia "sam thum" uone saa tatu usiku bila kupitia 21.00. Ukishaizoea njia hiyo, vipande vingine havitakusumbua.

Hatua ya 3: Kuanzia saa saba, toa sita

Baada ya saa sita, ya usiku au ya mchana, Wathai wanaanza tena moja. Sisi tunaendelea na saba. Kwa hiyo toa sita.

Usiku wa manane neno ni ti, nalo hutangulia namba. Saa saba usiku ni ti nueng, saa nane ti song, hivyo hivyo hadi saa kumi na moja alfajiri, ti ha.

Mchana neno ni bai. Saa sita ni thiang. Saa saba ni bai mong, bila namba yoyote. Saa nane ni bai song, saa tisa bai sam. Saa kumi ina majina mawili, bai si mong au si mong yen, na yote ni sahihi. Kisha ha mong yen ni saa kumi na moja jioni, hok mong yen saa kumi na mbili.

Mong ni mlio wa upatu uliogongwa mchana na thum ni wa ngoma iliyopigwa usiku, enzi ambazo saa zilitangazwa kwa kugonga. Anayesahau kipi ni cha wakati gani akumbuke hilo.

Hatua ya 4: Asubuhi, penye mtego

Saa kumi na mbili alfajiri ni hok mong chao. Kuanzia hapo siku hizi wengi huendelea kuhesabu mbele: jet mong chao ni saa moja, paet mong chao saa mbili, hadi sip-et mong chao, saa tano. Kwa hiyo saa yako ya asubuhi iongezee sita.

Lakini iko hesabu ya zamani, na bado utaisikia, hasa kwa wazee. Hiyo inaanza moja alfajiri inapokwisha, kama yetu: song mong chao ni saa mbili asubuhi, sam mong chao ni saa tatu. Kanuni ni nyepesi: ukisikia namba kati ya moja na tano mbele ya mong chao, ichukue kama Kiswahili kilivyo. Wewe mwenyewe ukisema, tumia hesabu mpya.

Hatua ya 5: Dakika

Nusu ni khrueng: song thum khrueng, saa mbili na nusu usiku. Robo hawana, wanataja dakika: song thum sip-ha nathi. Kasoro hutangulizwa na ik: ik sip nathi song thum, saa mbili kasoro dakika kumi.

Muda wa kusubiri ni chua mong. Fundi akisema song chua mong, rudi baada ya saa mbili. Usije usiku wa saa mbili.

Hatua ya 6: Kuuliza

"Kii mong laew khrap?" ni saa ngapi sasa; mwanamke humalizia na kha badala ya khrap. Duka linafunguliwa saa ngapi: "Poet kii mong?" Linafungwa: "Pit kii mong?" Basi linaondoka: "Rot ok kii mong?"

Kipimo kizuri cha sikio ni wimbo wa taifa, unaopigwa kila siku paet mong chao na hok mong yen. Kwenye stesheni na bustani watu husimama wima.

Tiketi na matangazo rasmi hayatumii lolote kati ya haya. Huandika saa 24, nukta katikati na herufi น. mwishoni: 20.00 น. Hapo soma tarakimu tu. Angalia sana tiketi ya ndege ya 00.30 น. ya Jumamosi. Kwetu huo ni usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa saa tatu usiku, sam thum, uwe umeshafika uwanjani.