SOMO: Rimoti isiyo na waya kwa kamkoda (kamera ya video) ukiwa nje (soma kabla ya kunitumia ujumbe)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne, "Mkuu, unawashaje kamera ukiwa mbali?" Jana saa nne usiku nilikuwa namjibu mtu wa Ahero huku ugali unapoa. Sasa naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii, na asinune.

Mimi napiga video za ndege pale Dunga, ziwani Kisumu, kwenye mafunjo, hasa yule gonoleki mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Ukikaa karibu na kamera, haji. Ukikaa karibu na kamera jioni, anayekuja ni kiboko. Kwa hiyo kamera inabaki kwenye mafunjo, mimi narudi nyuma hadi kwenye mitumbwi, kama hatua hamsini, rimoti mfukoni.

Rimoti ndogo iliyokuja na kamera usiitegemee: inatumia mwanga wa infraredi, lazima ilione jicho la kamera, na jua letu la saa sita linaimeza. Simu na waifai nitaeleza chini, kwa sababu najua kuna mtu ataleta ubishi.

1. Hakikisha kamera ina tundu la LANC, yaani tundu la kuipa kamera amri kwa waya. Ni la milimita 2.5, limeandikwa LANC au REMOTE. Sony na Canon nyingi za kazi zinalo. Sony ndogo za karibuni zina tundu bapa la Multi, utahitaji adapta. Panasonic wana lugha yao, vifaa vya LANC haviwafai.

2. Nunua seti: risiva inayochomekwa kwenye kamera, na rimoti ya mkononi. Chagua ya mawimbi ya redio ya megahezi 433.

3. Chaji betri ya kamera. Rimoti nyingi za aina hii zinatumia kile kibetri cha volti 12, 23A, kama cha rimoti ya geti. Nunua viwili.

4. Kwenye menyu, ZIMA ile ya kamera kujizima yenyewe. Nyingi hulala baada ya dakika 5 zisipoguswa. Pia fokasi iwe ya mkono, la sivyo kamera itahangaika na kila unyasi unaoyumba.

5. Kuchomeka jeki. Hapa mnivumilie.

Jeki ya LANC ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Ncha inabeba amri, pete inatoa umeme wa volti 5 hadi 8 kutoka kwenye kamera, shina ni eathi. Mimi waya wa risiva ulikuwa mfupi, nikataka kuurefusha. Nikaingia duka moja mjini, nikapewa waya wa 2.5 ambao uliingia vizuri kabisa, hata ukalia "tik". Kumbe ulikuwa wa mono. Mono haina pete. Mahali pa pete ni shina tupu. Kwa hiyo umeme wa kamera ulikutana na eathi moja kwa moja. Hakuna moshi, hakuna harufu. Ila rimoti haikufanya kazi siku ile, wala kesho yake, wala leo. Fundi alifungua akanionyesha fyuzi iliyoungua, ndogo kuliko punje ya wimbi, imekaa chini ya ubao mwingine ambao alikataa kuugusa. Kamera ile ikiwashwa kwa mkono bado inarekodi. Siku hizi inaenda harusi tu.

Basi: hesabu vile vipete vyeusi vinavyotenganisha sehemu za jeki. Viwili, sawa. Kimoja, rudisha dukani. Vitatu ni waya wa hedifoni za simu, rudisha pia. Usimwamini muuzaji anayesema "zote ni moja". Na ZIMA kamera kabla ya kuchomeka, hata kama jeki ni sahihi, kwa sababu ncha inapoingia inapita kwanza kwenye mguso wa pete.

6. Waya mdogo unaoning'inia kwenye risiva ni antena. Una urefu wa karibu sentimita 17, robo ya wimbi la 433. Usiukate, usiukunje, usiubandike kwenye mguu wa chuma wa stendi. Uache usimame wima.

7. Funga risiva kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Paa la mvua nimekata mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5. Mifuko ya nailoni tulikatazwa 2017, na hata hivyo ilikuwa inapigapiga kwenye upepo na kuharibu sauti. Mvua ya Kisumu haibishi hodi.

8. Jaribu kila kitu nyumbani kwanza.

MASWALI

Baba Pacha: Asante mkuu. Yangu inafanya kazi vizuri halafu baada ya muda inazima yenyewe. Hii risiva ni feki?

Jibu: Hatua ya 4.

Baba Pacha: Nimeona. Nilikuwa nasoma nikiwa kwenye matatu.

Kijana wa Kondele: LANC ni bei gani?

Jibu: LANC haiuzwi, ni tundu. Anza juu.

Mpiga Harusi: Bro, haya ni mambo ya kizamani. Kuna programu ya simu, waifai, unaona hadi picha. Unatesa watu na fyuzi bure.

Jibu: Nilijua utakuja. Programu ninayo, na ndani ya ukumbi naitumia. Ukiwa nje, kwanza simu inaona waifai ya kamera haina intaneti, inaiacha na kurudi kwenye data bila kukwambia, kwa hiyo lazima uzime data. Pili, waifai ya kamera nyingi ni gigahezi 2.4, na majani mabichi yaliyojaa maji yanaila. Kwangu ilikata hatua ya ishirini, mafunjo yakiwa na umande. Tatu, picha inachelewa. Unapoona ndege kwenye simu, ndege ameshaondoka. Kama kwako inafanya kazi, endelea. Mimi sijakutesa, nilijitesa mwenyewe.

Dada wa Kakamega: Mwalimu, mimi nataka kurekodi ndege wale, shorobo buluu, msituni. Wanakaa juu sana na msitu ni mzito. Hiyo 433 itafika?

Jibu: Swali zuri, dada. Itapita kuliko waifai, lakini usitarajie umbali ulioandikwa kwenye boksi, ule hupimwa uwanjani. Pandisha risiva kadiri waya unavyoruhusu, na wewe inua rimoti juu ya kichwa; mwili wako nao ni maji. Kabla ya kuanza kazi, rudi nyuma hatua kumi kumi ukibonyeza, weka alama pale inapokosa mara ya kwanza, halafu kaa hatua kumi ndani ya hapo. Na rudia kipimo hicho baada ya mvua, matokeo yatabadilika.

Dada wa Kakamega: Na nitajuaje kama inarekodi kweli? Kitufe ni kimoja tu.

Jibu: Umenigusa kidonda. Kitufe hichohicho kinaanza na kinasimamisha. Siku moja nilibonyeza ili isimame, nikatilia shaka, nikabonyeza tena. Nilikuja kupata dakika arobaini za mafunjo matupu, na gonoleki alipotua nilikuwa "naanza", yaani nasimamisha. Sasa naacha skrini ikinielekea, natazama alama nyekundu kwa darubini kabla ya kugusa chochote. Inakula betri kidogo, acha ile.

Mtu wa Nakuru: Kamera yangu ni Canon ya picha, ina tundu la 2.5 pia. Naweza kuchomeka hii risiva?

Jibu: Itaingia, lakini haitaelewana. Tundu lile ni la kufyatua picha: ukigusanisha mguso na eathi, inapiga, basi. LANC inatuma ujumbe mfululizo. Tafuta risiva ya shata, ni rahisi zaidi hata. Na huko ziwani kwenu, ukirudi nyumbani pangusa jeki na tundu kwa kitambaa kikavu. Vumbi lile la magadi likipata unyevu linakula shaba.

Mtu wa Nakuru: Kweli kabisa, skrubu za stendi yangu zimeota ukungu wa kijani.

Baba Pacha: Mimi nina lingine. Jioni lenzi inajaa vile vijidudu vya ziwani.

Jibu: Vile vinavyopanda kama moshi? Vinafuata mwanga. Bandika selotepu nyeusi kwenye taa nyekundu ya mbele, au izime kwenye menyu. Na brashi ya rangi ya maji iwe mfukoni. Usipanguse kwa kidole, vinapakaa mafuta kwenye kioo.

Kijana wa Kondele: Sawa nimesoma yote. Yangu ni Panasonic. Ninunue?

Jibu: Hatua ya 1, omera. Sentensi ya mwisho.